Kadi za Jumatatu Nilizijibu Zote Jumapili Moja

Nimekosa. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitajitetea, na nikianza kujitetea sitamaliza.

Kwa wiki saba swali moja lilininyima usingizi: je, yule mama nilimwuliza jina lake, au nilimtajia mimi? Ukilisikia utaona ni swali dogo. Nililigeuza na kuligeuza hata nikawa siamini kumbukumbu yangu mwenyewe. Nikilala ubavu wa kulia naona nilimwuliza. Nikigeukia wa kushoto najisikia nikimwambia, "Bi Rehema, sivyo?"

Msomaji, ukweli niliujua tangu siku ya kwanza. Hayo mengine yote yalikuwa ni kutafuta mlango wa kutokea.

Mimi ni daktari wa mafunzo. Nimemaliza chuo kikuu Nairobi, nikapangiwa hospitali moja ya pwani hii yetu, baina ya Kilifi na Malindi. Jina lake silitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Nimezaliwa Malindi mjini, nikalelewa kwa adabu za watu wa mjini. Kwetu mtu mzima humwulizi jina lake usoni. Unamwamkia, unamwita mama, bibi au shangazi, na jina lake utalisikia kwa wengine. Shikilieni hilo, maana ndilo lililoniponza. Hapana! Nimeshaanza kujitetea. Kilichoniponza ni uvivu na kujiona.

Daktari mkuu wetu ni mtu wa makamo, mfupi, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na sauti isiyopanda. Yeye aliamini kwamba wagonjwa wengi hawaumizwi na ujinga wa madaktari, bali na usahaulifu wao. Kwa hiyo alitutungia kadi. Vipande vya karatasi ngumu ya manila, kila kimoja na swali moja lililopigwa taipu. Utahakikishaje damu ni ya mgonjwa huyu? Utafanya nini usipousoma mwandiko wa mwenzako? Maswali ya namna hiyo, yote kuhusu kumlinda mgonjwa dhidi yetu sisi wenyewe.

Kadi zilikuja Jumatatu na Alhamisi, na swali lile lile lilirudi tena na tena. Lilirudi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi.

"Daktari, hili tumeshalijibu," nilimwambia mara ya kwanza.

"Umelijibu kwa sababu ulilisoma juzi," akasema. "Mimi nataka kujua utajibu nini mwezi ujao, umechoka, wodi imejaa, na njaa inakuuma."

Basi ikatokea akawa na safari za kukagua zahanati za mashambani. Akatupa kila mmoja bahasha yenye kadi zote za miezi mitatu, kila kadi na tarehe yake. "Msizifungue kabla ya siku yake. Ukijibu, tia kwenye kisanduku nje ya mlango wangu. Nawaamini." Alisema hivyo hivyo. Nawaamini!

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilizifungua zote.

Sikuwa na nia mbaya, au ndivyo nilivyojiambia. Niliogopa kusahau siku. Niliogopa kujibu vibaya nikiwa nimechoka. Niliogopa wenzangu wangenipita. Mimi ni mtu wa kuogopa jambo kabla halijaja, na hofu yangu hunifanya nilimalize mapema ili lisinisumbue tena. Nikaketi mezani na vitabu vyangu nikajibu kadi zote kwa mchana mmoja.

Halafu nikaanza kufikiri, na hapo ndipo ninapoharibu mambo siku zote. Je, akiona mwandiko umetulia vile vile kadi zote, wino ni mmoja? Nikatoa kalamu tatu: ya buluu, nyeusi na ya kijani, nikazibadilisha kadi kwa kadi. Nikakosea mbili makusudi. Kadi moja nikaitia tone la chai, ionekane niliijibu wodini. Lo! Akili niliyoitumia kudanganya ingetosha kuzijibu kadi zile kwa haki mara tatu!

Swali moja lilikuwa limerudiwa mara sita. Liliuliza: "Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, utajuaje kwamba ndiye?" Nililiona la kitoto. Nikalijibu mara sita kwa maneno sita tofauti, nikajisifu kwa ufasaha. Kila siku ya kadi ikifika nilichomoa ya tarehe hiyo kwenye bahasha, nikaitumbukiza kisandukuni nikipita, bila hata kuitupia jicho.

Sasa nije kwenye Jumatatu yenyewe.

Katika wodi ya wanawake kulikuwa na Bi Rehema wa Matsangoni, mwenye maradhi ya sukari. Kitanda chake kilikuwa namba tano, karibu na mlango wa baraza, penye upepo. Pembeni kabisa, namba kumi na moja, alilala Bi Zuhura wa Mambrui, aliyekuja kutibiwa kidonda cha mguu. Bi Zuhura alikuwa mkubwa zaidi, na joto la pembeni lilimtesa. Jumapili jioni Bi Rehema akaona haya kulala penye upepo na bibi wa watu anajipepea kwa kipande cha boksi. Akamwambia, "Bibi, njoo ulale hapa. Mimi bado nina nguvu." Wakabadilishana. Wakahamisha mito yao, kanga zao na vikombe vyao.

Karatasi za dawa, zinazoning'inia miguuni mwa vitanda, zilibaki pale pale. Nani angezikumbuka?

Asubuhi muuguzi alikuwa Sista Kache. Ni mwanamke wa Kigiriama, ana miaka mingi kazini, na ulimi wake hauna breki. Alikuwa akinitania kwa kuniita Daktari Kadi. Siku hiyo alikuwa na mama aliyekuwa akitokwa na damu upande wa pili wa pazia.

"Daktari Kadi!" akaniita bila kutoa kichwa. "Nisaidie sindano ya sukari ya Bi Rehema kabla ya chai. Mikono yangu yote miwili iko kazini huku."

Alisema Bi Rehema. Hakusema namba tano. Nayaandika haya kwa sababu baadaye nilisema vingine.

Mimi nilikwenda namba tano kwa sababu nilizoea kwamba Bi Rehema ni namba tano. Nikatazama karatasi. Jina, Rehema. Umri, mtu mzima, kama tunavyowaandika wote wasiojua mwaka wao. Kitandani nikamwona mama mtu mzima amejifunika kanga hadi kidevuni; uso sikuuchunguza. Nikamwamkia kwa adabu zote nilizofunzwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bi Rehema, sivyo?"

Akanitazama kidogo. "Naam, baba."

Nikamdunga. Nikapaza sauti, "Sista, wa sukari tayari!" Naye baada ya kitambo akaja mbio akatia sahihi yake kwenye karatasi bila kumtazama aliyelala, kama walivyozoea wauguzi kutusafishia njia sisi madaktari. Wakati huo nilikuwa nimeshatoka. Nilikwenda kutumbukiza kadi ya Jumatatu.

Kilichozidisha balaa ni kwamba Bi Zuhura alikuwa amefunga. Sunna ya Jumatatu. Mgonjwa na kidonda chake, na hakumwambia mtu! Chai ilipopita aliisukuma chini ya kitanda. Dawa ya kushusha sukari ikaingia kwenye mwili usio na sukari ya kushusha.

Saa nne aliinuka kwenda barazani. Bi Rehema alisema alimwona anayumba, jasho linamtiririka, anasema maneno yasiyofuatana. Kabla hajamfikia, bibi akaanguka juu ya sakafu ya saruji, mkono wa kulia chini yake.

Sista Kache ndiye aliyemwahi. Mimi nilipofika mbio nilikuwa nafikiria kiharusi, malaria ya kichwa, kila ugonjwa wa kitabuni. Yeye alimshika shavu, akamwona amelowa jasho na baridi kama samaki, akaniuliza, "Daktari, sindano ile ulimdunga nani?"

Hakungoja jibu. Alimtia maji ya sukari mshipani, akiikamua chupa kwa mikono yake ili yaingie haraka, akimwita, "Bibi! Bibi Zuhura! Rudi bibi!" Baada ya dakika chache bibi akafumbua macho, akauliza kama adhuhuri imeadhiniwa.

Aliishi, alhamdulillahi. Lakini kiwiko cha mkono kilivunjika vibaya, na mkono ule haukunyooka tena. Ni mkono aliokuwa akisukia ukili. Mikeka yake iko katika nyumba nyingi Mambrui, na sasa anaketi akitazama wajukuu wakimsukia, akiwakosoa kwa mdomo.

Siku ya tatu nilijikaza nikamwendea. Nikamwuliza kwa nini aliitikia jina lisilo lake. Tazameni uso wangu ulivyo mkavu, mimi ndiye niliyeuliza!

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma, mimi sikusoma. Uliponiita Rehema nikasema labda huku hospitali jina linakuja na kitanda. Ningekuaibisha vipi mbele za watu?"

Aliniogopea aibu. Mimi niliogopa kumwuliza jina, yeye akaogopa kunirekebisha, na Bi Rehema aliona haya kulala penye upepo. Sote watatu tulikuwa na adabu. Ila ni mmoja tu aliyekuwa amelipwa kujua kwamba adabu haitoshi.

Wiki ile daktari mkuu alirudi safari akatuita ofisini: mimi, Sista Kache na matroni. Karatasi ya dawa ilikuwa mezani, na sahihi juu yake ni ya sista.

"Sindano alidunga daktari," Sista Kache akasema. "Sahihi nilitia mimi. Hilo ni kosa langu na silikatai. Lakini nilimtajia jina la mgonjwa, sikumtajia kitanda."

Daktari mkuu akanigeukia. "Ulimwuliza mgonjwa jina lake?"

Kichwa changu, ambacho hufikiri mambo mia kwa wakati mmoja, siku hiyo kilifikiri moja tu: mama yangu amewaambia majirani wote kwamba mwanawe ni daktari.

"Nilimwuliza," nikasema. "Akaitikia. Na kitanda alinionyesha sista."

Sista Kache hakupiga kelele. Ulimi ule usio na breki ulinyamaza. Alinitazama tu.

Ndipo daktari mkuu akafungua kisanduku chake, akachambua kadi, akatoa moja. Ilikuwa ya Jumatatu ile ile. Wino wa kijani. Akaisoma kwa sauti: "Nitamwomba mgonjwa ataje jina lake kwa kinywa chake. Sitamtajia mimi, kwani mgonjwa mwoga au mwenye heshima ataitikia jina lolote."

Akaiweka mezani. "Kijana aliyeandika haya asubuhi," akasema, "siamini kwamba asubuhi hiyo hiyo alisahau kuuliza."

Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimeyaandika maneno yale Jumapili moja, wiki nyingi nyuma, tumbo limeshiba biriani, bila kumfikiria mgonjwa hata mmoja. Kadi iliyotungwa ili inikumbushe ndiyo iliyoniokoa, na ikamzamisha mtu aliyemwokoa mgonjwa wangu.

Sista Kache akapewa barua ya onyo na uhamisho wa kwenda zahanati ya Adu, mbali huko Magarini. Watoto wake watatu wakabaki kwa dada yake, kwa sababu ya shule. Siku ya kuondoka nilimkuta langoni na chupa yake ya chai na mfuko wa nguo. Nilitaka kusema neno. Akaniwahi.

"Daktari Kadi," akasema, "kadi yako ilikuwa nzuri sana. Iweke."

Wiki saba! Niliandika barua ya kuungama mara kumi na moja. Ya kwanza niliiona fupi. Ya pili niliiona inajihurumia. Ya tano nilisahihisha vituo vyake! Nilijiuliza kama nikisema watanifukuza, kama wakinifukuza itasaidia nani, kama sista mwenyewe ameshaizoea Adu, kama si afadhali niwe daktari mzuri miaka thelathini kufidia. Nilichokiita kufikiri kilikuwa ni woga uliovaa koti jeupe.

Kilichonimaliza ni ubao wa matangazo. Walikuwa wanakuja madaktari wapya wa mafunzo, na daktari mkuu akaibandika kadi yangu ya wino wa kijani pale mlangoni kama mfano. Akaniambia, "Kesho utawaeleza wenzio namna kadi hizi zinavyofanya kazi. Wewe zimekuingia."

Nilisimama mbele ya ubao ule nikausoma mwandiko wangu. Mfagiaji akanipigia fagio miguuni, "Daktari, pisha au chukua kadi yako uende nayo."

Nikaibandua.

Sikwenda na barua hata moja. Nilikwenda chumbani, nikachukua kalamu zangu tatu, nikabisha mlango wa daktari mkuu. Nikazipanga mezani kwake, ya buluu, nyeusi na ya kijani, kisha ile kadi. Nikasema yote. Jumapili, bahasha, tone la chai, "Bi Rehema, sivyo?", na uongo niliomsingizia sista.

Akatoa kisanduku, akaanza kuzitazama kadi zangu moja baada ya moja dirishani, kama mtu anayekagua noti.

"Hata chai uliitia," akasema.

"Ndiyo, daktari."

"Nilipoiona hii nilifurahi. Nilisema, tazama, kijana anajibu hata akiwa anakunywa chai." Sauti yake, ile isiyopanda, ikapanda. "Ulidhani ni mtihani? Nani alikuambia nataka majibu? Majibu ninayo! Nilizirudia kwa sababu mtu husahau. Mimi nasahau! Umri wote huu, nasahau!"

Akanisukumia karatasi tupu.

"Kaa chini. Andika hayo uliyoyasema. Tumia kalamu moja."

Nikaandika, nikatia sahihi. Akaigonga muhuri, nakala moja kwa wakubwa mkoani. Mafunzo yangu yameongezwa miezi sita, na barua ya onyo ambayo ilikuwa ya sista sasa ina jina langu. Mama yangu hajawaambia majirani. Nakala nyingine niliomba niipeleke mwenyewe.

Adu nilifika juu ya lori la mahindi, nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Sista Kache alikuwa nje ya zahanati akipima watoto kwenye mizani ya kuning'inia, na foleni ya kina mama imezunguka ukuta. Aliniona, akaendelea kusoma kilo.

"Umekuja kumdunga nani?" akauliza.

Kina mama wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nikamwomba radhi pale pale, mbele yao, kwa sababu alivunjiwa heshima mbele ya watu.

"Radhi nimeisikia," akasema. "Karatasi iko wapi?"

Nikampa. Aliisoma mara mbili, akiukagua muhuri. Akaikunja, akaitia mfuko wa sare yake, akaufunga kifungo.

"Mtoto wangu mdogo huulizwa shuleni," akasema taratibu, "eti mama yako alitaka kumuua bibi wa nani? Hilo utalifutaje? Una kadi yake?"

Uhamisho wake haujabatilishwa hata leo. Wakubwa wanasema faili inashughulikiwa. Kumwondoa kulichukua siku nne! Kumrudisha, Mungu ndiye ajuaye. Kila wiki naandika kuuliza, na kila wiki najibiwa nisubiri. Hasira hiyo ni haki yangu kuimeza.

Nilipotaka kuaga akanisukumia daftari. "Unakwenda wapi na foleni hii? Andika. Na uwaulize majina."

Wa kwanza alikuwa bibi kizee aliyemleta mjukuu.

"Shikamoo, bibi. Uniwie radhi, nitajie jina lako na la mtoto."

"Wewe hujafunzwa?" akanikemea. "Mtoto mdogo hivi, kuniuliza jina!"

"Sijafunzwa, bibi. Nitajie."

Akanitajia, kwa kununa. Nikaandika.

Wenzangu mnaoanza kazi hii, na wengine wote mliopewa jambo la kufanya kidogo kidogo mkaona ni afadhali mlimalize mara moja: msifanye kama mimi. Bahasha yangu mpya iko mezani na kadi moja tu ndani yake, ya leo. Nimeshaijibu, kwa kalamu moja. Swali ni lile lile. Msimtajie mgonjwa jina lake. Mwulizeni. Mkiona haya, mwulizeni hivyo hivyo, na haya zenu usoni.